Tela Linachechea: Kutafuta Ubaya Kwenye Tela la Plastiki la Kuunga

Mtoto wa kaka yangu alinijia usiku mmoja wa Ramadhani, tarawehe imekwisha, sanduku la viatu mkononi. Akakaa jamvini, akafunua. Ndani mna tela la plastiki la kuunga, lile la kubebea kontena, kipimo cha 1/24, aliloletewa na mjomba wake kutoka Dubai.

"Ami, linachechea."

Nikaliweka mezani. Tairi tano zimekanyaga, ya sita, ile ya nyuma kulia, iko angani. Ukiibonyeza ile, inainuka ya upande wa pili. Siku mbili mtoto alikuwa akipambana na tairi hiyo: kaivua, kaipiga msasa, kaibadilisha na ya kushoto, kaongeza gundi. Na tairi haina kosa lolote. Chasisi ndiyo iliyosokoteka, kidogo tu, kama kamba ya usumba iliyoanza kupotwa.

Tela si kama gari dogo. Gari dogo ni boksi, linajishika lenyewe. Tela la kawaida la Ulaya lina urefu wa mita 13.6, gawa kwa 24, unapata karibu sentimita 57 za plastiki nyembamba, bapa mbili ndefu zilizoshikwa na mataruma machache. Na tairi ziko nje zaidi ya bapa zenyewe, kwa hiyo kosa la milimita moja kwenye chasisi likifika kwenye tairi limeshakua. Dalili unaiona chini, asili yake iko juu. Anayeanza na tairi atazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Jambo la pili ni hewa yetu. Karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi haikufikiria Masika ya Unguja wala chumba cha chini ya bati huko Wete saa nane mchana. Nusu ya mambo ambayo watu hujilaumu mkono mzito ni unyevu na joto tu.

Linachechea mezani

Kwanza pata kitu kilicho sawa kweli. Meza ya mbao si sawa, hata kama fundi aliapa. Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, hakosi kipande cha kioo kilichobaki. Mwombe cha milimita sita, urefu wa sentimita 60 na kitu, akuondolee ukali wa kingo. Hicho ndicho kitakuwa sakafu yako ya kupimia mpaka mwisho.

Vua tairi zote. Ikiwa umeshazigundisha, vua zile zinazotoka, usivunje. Sasa weka chasisi kifudifudi, uso wa juu ugusane na kioo, ubonyeze kona moja moja kwa kidole. Ikipiga tak-tak, ubaya uko kwenye chasisi yenyewe. Ikilala kimya kona zote nne, chasisi ni nzima na kosa liko kwenye ekseli au springi. Dakika moja ya kubonyeza hivyo inakuokolea siku mbili za msasa.

Kama ni ekseli, tafuta uchafu kabla ya kutafuta kosa kubwa. Mara nyingi ni kijinundu kilichobaki pale kipande kilipokatwa kwenye fremu yake, vile vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande ndani ya boksi, kikaingia ndani ya tundu la springi, springi ikasimama nusu milimita juu ya wenzake. Kikate kwa wembe, usikisage kwa tupa. Tupa hupanua tundu. Ikiwa gundi imeshakauka, pitisha wembe kwenye kiungo polepole, uanze upya. Safari hii gundisha ekseli zote tatu kwa mkupuo mmoja, valisha tairi bila gundi, simamisha tela juu ya kioo gundi ingali laini, weka makopo mawili ya maziwa juu yake, ulale. Uzito utazishusha tairi zote kwenye kioo na asubuhi zitakuwa zimekaa hapo hapo.

Ikiwa ekseli moja imekataa kabisa, pande zote mbili ziko juu kwa usawa, basi ipandishe zaidi uimalize. Matela ya kweli yanayo ekseli ya kunyanyua, dereva huipandisha tela likiwa tupu ili asile tairi bure. Mimi ninalo moja la hivyo kabatini na hakuna mgeni aliyewahi kuliona kosa.

Kama ni chasisi, tunachemsha maji.

Plastiki ya matela haya ni polistireni, na huanza kulegea kabla maji hayajafika kuchemka. Kwa hiyo maji yanayotokota ni hatari: utaitoa chasisi kama tambi. Chemsha birika, zima, kisha changanya na maji baridi kidogo mpaka yawe ya moto ambao kidole kinaingia na kutoka mara moja, hakikai. Nyuzi 60 mpaka 70 hivi. Beseni la kawaida halitoshi urefu ule, na huna haja ya kulizamisha lote. Shika chasisi kwa mikono miwili juu ya beseni, mwenzako amwage maji taratibu pale penye msokoto tu. Utasikia mkononi: plastiki ilikuwa inakupinga, ghafla inaacha kupinga. Hapo ndipo unapoisokota kinyume, upite kidogo ya usawa, kwa sababu itarudi nyuma kidogo. Ishike hivyo hivyo bila kutikisa, umwagiwe maji ya baridi, uhesabu mpaka 20. Weka kwenye kioo, bonyeza kona. Bado? Rudia. Ni afadhali mara tano kidogo kidogo kuliko mara moja kwa nguvu.

Ya mtoto wetu ilichukua mara tatu. Mara ya kwanza aliogopa, hakusokota kitu. Mara ya pili akasokota sana, ikachechea upande wa kushoto, akanitazama kama anataka kulia. Nikamwambia, sasa umeshajua inasikia, mara hii ipe nusu ya ulichoipa.

Tahadhari moja: maji ya moto hulegeza pia viungo vilivyogundishwa. Ikiwa mataruma yalishagundishwa yakiwa yamepinda, maji hayatakusaidia, kwani yenyewe ndiyo yanayovuta. Kata kiungo cha taruma moja moja kwa wembe, anza la katikati, uangalie ni lipi ukilikata bapa zinapumua. Hilo ndilo lenye kosa. Ligundishe tena chasisi ikiwa imelala kwenye kioo.

Halafu usifanye alivyofanya jamaa mmoja, akanyoosha vizuri akaacha tela kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Aliporudi lilikuwa limeinama katikati kama ukingo wa dau.

Kontena halikai kwenye kona zake

Hii watu huiona ni shida nyingine, na mara nyingi ni ile ile. Kontena la futi 40 kwa kipimo cha 1/24 lina karibu sentimita 51, na linakaa juu ya vifungo vinne vya kona. Vitatu vikikaa na cha nne kikawa juu, rudi kwenye kioo na chasisi.

Lakini kama chasisi ni sawa, pima boksi lenyewe. Chukua uzi, pima kona kwa kona kwa mshazari, halafu mshazari wa pili, kama seremala anavyopima fremu ya mlango. Nyuzi mbili zisipolingana, kontena limekwenda upande. Kosa hili hutokea pale mtu anapogundisha kuta nne huku moja ikikauka kabla ya nyengine. Dawa ni kuliunga lote kavu kwanza, bila gundi, kulifunga na mipira ya kufungia pesa, kupima uzi, ndipo kupitisha gundi nyembamba kwa brashi kwenye viungo kutoka ndani. Gundi ya plastiki iliyo nyepesi kama maji huingia yenyewe kwenye ufa, huna haja ya kuisukuma.

Milango ya nyuma isipofunga, shuku rangi kabla ya kushuku kiwanda. Tabaka tatu za rangi kwenye kila ukingo zinatosha kukataza mlango. Kwangua kingo, basi.

Tela limenyanyua pua, au limeinama

Uliza kichwa chake kilitoka boksi gani. Matela mengi ya Ulaya, kama ya Italeri, ni 1/24. Vichwa vingi vya Kimarekani, kama vya AMT, ni 1/25. Malori ya Kijapani ya kuremba aghlabu ni 1/32. Tela la upana wa mita 2.55 ni milimita 106 kwa 1/24, na 102 kwa 1/25. Tofauti ya milimita nne jicho linaiona, na kimo cha sahani ya kufungia, ile ya nyuma ya kichwa ambayo tela hukalia, nacho hakilingani. Vya 1/24 na 1/25 unaweza kuvioanisha kwa kuweka kipande chembamba cha plastiki chini ya sahani, au kuikwangua. Cha 1/32 usijisumbue.

Ikiwa vyote ni kipimo kimoja na pua bado iko juu, pengine pini, ile iliyo chini ya pua ya tela, haijaingia kwenye sahani. Pini ya kweli ina kipenyo cha inchi mbili, kwa hiyo hii yetu ni milimita mbili tu, na huvunjika ukiitazama vibaya. Nishaona watu wakiirudisha kwa supaglu mara nne. Usiirudishe. Toboa tundu dogo pale ilipokuwa, katika sahani ya chini ya tela, tia kipande cha msumari au waya wa shaba wa unene ule ule, kifungwe kwa supaglu kutoka ndani. Hiyo haivunjiki tena.

Gundi haishiki

Kiungo kinaachia chenyewe, safi, bila kuacha alama. Hii ni habari njema: gundi haikuingia kabisa, hivyo hujaharibu kitu. Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama ya mbao. Yenyewe huyeyusha nyuso mbili, zikachanganyika zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo lazima iguse plastiki tupu.

Kinachoizuia ni kimoja kati ya hivi. Mafuta ya kalibu, ambayo kiwanda hupaka ili vipande vitoke: osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kukata kitu, ukaushe. Rangi: ikiwa umepaka vipande vikiwa bado kwenye fremu, ambayo ni kazi nzuri, kwangua rangi pale panapogusana. Na ile nikeli ya kung'aa kwenye rimu na bampa, ambayo gundi haiipiti hata ukeshe nayo. Ikwangue kwa wembe kwenye kiungo. Ukitaka kuitoa yote, loweka kipande kwenye dawa ya kufanyia nguo nyeupe, ile yenye klorini, itavuka. Usiichanganye na dawa nyengine yoyote, na fungua dirisha.

Upande wa pili wa shida hii ni gundi nyingi. Imemwagika, ukaigusa, sasa alama ya kidole chako iko kwenye ubavu wa tela kama muhuri. Usiifute! Kufuta ndiko kunakoharibu. Iache siku nzima ikauke, ndipo upige msasa wa maji, namba 400, kisha 800, kisha 1000. Pakibaki shimo, puti ya mafundi bodi hufaa, kidogo sana, tabaka kwa tabaka, kwani nayo ina thina ndani yake na ukiijaza kwa wingi inaila plastiki.

Mtu atasema petroli na dawa ya kutolea rangi ya kucha nazo zinayeyusha polistireni, basi zitumike badala ya gundi. Kuyeyusha zinayeyusha, ni kweli. Ndiyo maana zisikaribie meza.

Weupe

Hapa niende polepole, maana weupe ni wa namna tatu na kila mmoja una mama yake.

Weupe wa kwanza ni kama ukungu, umezunguka kiungo, unafanana na pumzi kwenye kioo. Huo ni wa supaglu. Supaglu hukauka kwa kula unyevu, na mvuke wake hutua pembeni ukaganda. Katika chumba kilichofungwa, siku ya mvua, ukatia matone matatu pale palipohitaji robo ya tone, utaupata tu. Tia kwa ncha ya sindano, acha feni ipige kwa mbali, usifunike kipande kwenye sanduku mpaka kesho. Ukishatokea, futa kwa pamba yenye mafuta ya kupikia kidogo. Au acha, vanishi itauficha. Kwenye taa za nyuma hautafichika, na hapo usitumie supaglu kabisa. Gundi nyeupe ya mbao hukauka ikawa kama kioo, na inatosha kushika taa ambayo haibebi chochote.

Weupe wa pili ni wa rangi. Umepuliza nyeusi nzuri ya chasisi, unatazama, baada ya dakika mbili imegeuka kama ubao wa skuli uliofutwa vibaya. Thina inaporuka kwa haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu ulio hewani unatua juu yake kama umande. Kusi ikianza na mvua za Masika, mwezi wa nne na wa tano, mimi sipulizi kitu. Naunga, nakwangua, nasubiri. Mwenye haraka achague saa za adhuhuri siku iliyopata jua, na mkebe wa rangi auweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano kabla. Maji ya moto kamwe, mkebe hupasuka. Kilichokwisha kugeuka weupe si lazima ukikwangue. Subiri siku kavu, pitisha tabaka jembamba la rangi ile ile. Aghlabu thina yake huifungua ile ya chini, unyevu ukatoka. Vanishi isiyong'aa ina tabia hii hii, tena mbaya zaidi, kwa kuwa inakuja mwisho, umeshamaliza kila kitu.

Weupe wa tatu uko chini ya stika za maji, zile herufi na namba za ubavuni. Ukiwa unang'aa kama fedha, ni hewa iliyonaswa, kwa sababu rangi ya chini ni ya kukwaruza. Pitisha vanishi inayong'aa kwanza, ndipo stika, ndipo vanishi isiyong'aa. Stika iliyokwisha kubandikwa itobowe kwa ncha ya sindano mara kadhaa, pitisha siki kidogo kwa brashi, ibonyeze kwa kitambaa. Lakini weupe ukiwa kama chokaa, pembezoni mwa stika, basi ni chokaa kweli. Maji yetu ya visima yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yakikauka yanaacha alama, kama unavyoiona ndani ya birika lako. Tumia maji ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye mpira wa kiyoyozi. Mimi ninayo chupa yake, nimeiandika "SI YA KUNYWA" baada ya mgeni mmoja kuikaribia.

Rangi imekunjamana

Rangi ya spreya ya magari juu ya plastiki tupu inaweza kuila, ikatoka ngozi ya mamba. Praima ya plastiki kwanza, na tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu. Jaribu kila kitu kwenye mabaki ya fremu. Na ikiwa rangi imetoka na chembe kama mchanga, ulipuliza kutoka mbali huku Kaskazi inavuma, ikakauka njiani. Ingia ndani ya upenu.

Rimu zinaliwa

Hii huja miezi baadaye, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Tela liko kabatini, hujaligusa, siku moja unalihamisha na tairi inabaki nyuma. Rimu imekuwa uji. Tairi laini za vinaili zina mafuta ya kulainishia ndani yake. Mafuta hayo hutoka polepole yakaingia kwenye polistireni, na joto huyaharakisha. Rangi peke yake haizuii sana. Kabla ya kuvalisha tairi, zungushia rimu ule utepe mweupe wa mafundi bomba, mzunguko mmoja, uvute mpaka ulale, ukate kilichozidi. Hauonekani, na kitu hakipiti.

Kipande kimepotea

Pindua mkeka. Pindua na kanga ya aliyepita. Usipokiona, tengeneza. Mabaki ya fremu ndiyo duka lako: shika kijiti chake kwa mikono miwili juu ya mshumaa, si ndani ya moto, kizungushe mpaka kilegee katikati, kitoe, kisha kivute. Ukivuta haraka kinakuwa uzi, polepole kinakuwa fimbo. Kwa njia hii mtoto wa kaka yangu alipata kishikio cha jeki ya mguu wa tela, kile alichokanyaga mwenyewe bila kujua.

Mabomba ya upepo yale ya kutoka kichwa kwenda kwenye tela hakuyavuta kwenye mshumaa, kwani plastiki iliyovutwa haipindi vizuri. Tulichuna waya wa simu uliokatika, tukazungusha jekundu na la manjano kwenye sindano ya kufumia, jekundu kwa breki ya dharura na la manjano kwa breki ya kawaida. Siku ya Idi alinipitisha Malindi ya Unguja kwa makusudi, kontena zinatoka bandarini, ili anioneshe kwamba kwenye lile la kweli jekundu liko upande ule ule aliolitia yeye.